Kapteni Aliyewakosoa Mbwa Wake

Mbwa wa polisi tunamjua. Max von Stephanitz, kapteni wa askari farasi aliyezaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1864, hatumjui. Mwaka 1899, katika maonyesho mjini Karlsruhe, alimnunua dume mchunga kondoo, akamwita Horand, na mwezi uo huo akaasisi chama cha mbwa hao. Kwake uzuri wa mbwa ulikuwa kazi: mwoga au mkali ovyo hafai kuzaa. Hata hivyo, aliuzalisha ukoo wa Horand jamaa kwa jamaa mno, kosa lisilofichika. Kufikia 1925 mbwa walikuwa wamerefuka kupindukia, tabia nazo zikiharibika. Badala ya kuwasifu, alimpa ushindi Klodo, dume mfupi, ili mkondo ugeuzwe. Alifariki Aprili 22, 1936, miaka 37 kamili tangu aasisi chama.