Robert Macintosh, daktari wa usingizi aliyeitegemea hewa ya chumbani

Mgonjwa anapopewa dawa ya usingizi kamili, awe Kibaha, Kisarawe au London, mara nyingi huingizwa mpira wa kupumulia kooni. Chuma kilichopinda ambacho daktari hukitumia kuiona njia ya hewa kimebeba jina la Robert Macintosh.

Macintosh alizaliwa mwaka 1897 huko Timaru, New Zealand. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa rubani. Mwaka 1917 ndege yake ilitunguliwa na Wajerumani wakamshika mateka. Vita vilipokwisha alisomea udaktari London, na mwaka 1937 Chuo Kikuu cha Oxford kilimfanya profesa wa kwanza wa fani ya usingizi barani Ulaya.

Mwaka huohuo alikwenda Hispania, ambako wananchi walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Mashine alizozizoea hazikuwepo, akawalaza majeruhi kwa kopo la etha. Alirudi akiamini kwamba kifaa cha usingizi lazima kifanye kazi hata pasipo mitungi ya gesi.

Chuma chake kilichopinda alikitangaza mwaka 1943. Katika miaka ya 1950, yeye na mwanafizikia Hans Epstein walitoa EMO, chombo cha etha kilichozungukwa na maji ili joto lake lisiyumbe. Mgonjwa alivuta hewa ya chumbani ikipitia humo. Chombo hicho kilienea katika hospitali nyingi za Afrika.

Hewa hiyo ilikuwa na faida nyingine: unyevu. Kwa kawaida pua huipasha hewa joto na kuilowesha, hata ifikapo mapafuni kila lita huwa na miligramu 44 za maji. Mpira wa kooni huiruka pua. Gesi ya mtungi nayo ni kavu. Upasuaji ukirefuka, ute hukauka, mpira unaweza kuziba, na mgonjwa, hasa mtoto mchanga, hupoteza joto. Hewa ya Pwani huja na unyevu wake, ingawa hufikisha kama nusu tu ya unaohitajika. Ndiyo maana siku hizi huunganishwa kichujio kidogo kwenye mpira, kinachonasa joto na unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudishia pumzi inayoingia.

Macintosh alifariki mwaka 1989, akiwa na miaka 91. Etha imeachwa katika hospitali nyingi, lakini mashine za kuvuta hewa ya chumbani bado zinatengenezwa, kwa ajili ya hospitali ambako umeme hukatika na mitungi huchelewa.