Leo Fender: Fundi wa redio anayeigwa na simu yako

Ukichomeka gita kwenye simu ukasikia mvumo wa amplifaya ya kizamani, jua kuna mzee nyuma yake. Leo Fender alizaliwa California, Marekani, 1909, akapoteza jicho moja utotoni. Alisomea uhasibu, lakini 1938 akafungua duka la kurekebisha redio mjini Fullerton. Redio hizo zilitumia valvu, mirija ya kioo inayokuza sauti. Kwa valvu hizohizo akaunda amplifaya za gita. Valvu ikizidiwa, sauti hukwaruza kwa utamu. Hapo ndipo programu za leo huiga kwa hesabu. Programu ni nyepesi, valvu ni nzito na huungua. Lakini cheki hii: Leo, aliyefariki 1991, hakujua kupiga gita. Alisikiliza tu wanaopiga. Wewe je, unasikiliza nani?