BALAAMU: ALIIONA NYOTA, AKAFIA KWENYE PESA

Kijana wa Didia, na wewe unayepanda gari kwenda Geita kutafuta dhahabu: je, unamjua Balaamu?

Balaamu mwana wa Beori alikuwa mpiga ramli wa Pethori, karibu na mto Frati. Jina lake lilivuma mbali. Mwaka 1967 huko Deir Alla, nchini Yordani, yalifukuliwa maandishi ya wino ya miaka kama 2,800 iliyopita yanayomtaja kuwa mwonaji!

Balaki, mfalme wa Moabu, aliwaogopa Waisraeli. Akatuma wazee na ada ya uganga ili Balaamu aje awalaani. Mungu akamkataza. Wakarudi na ahadi nono zaidi, jamaa akaenda kumwuliza Mungu tena! Moyo ulishaingia kwenye hela. Akaruhusiwa kwenda, ila aseme atakachoambiwa tu. Njiani punda wake akamwona malaika mwenye upanga. Yeye mwonaji hakuona kitu. Akampiga punda mara tatu, mpaka Mungu akamfanya mnyama yule aseme.

Huko Moabu walitoa sadaka mahali patatu, madhabahu saba kila mahali. Akifungua kinywa kulaani, inatoka baraka! Roho wa Mungu akamjia, akaona kwa mbali nyota itakayotoka kwa Yakobo. Nyota hiyo ni Yesu.

Je, aliokoka? Hapana! Laana iliposhindikana, alitoa shauri Waisraeli wanaswe kwa wanawake na sanamu. Watu 24,000 wakafa kwa tauni. Mwisho Balaamu naye akauawa kwa upanga katikati ya maadui wa Israeli, yeye aliyetamani kufa kifo cha wenye haki (Hesabu 22–25 na 31).

Ndugu yangu, usidanganyike. Mungu akitaka, husema hata kwa punda. Kuota ndoto na kutabiri sio wokovu. Wapo wanaopita kwa mganga kabla ya kushuka duarani. Wapo waliodanganywa hadi wakamwaga damu ya wenzao wenye ualbino, eti wapate mali. Hiyo ndiyo njia ya Balaamu, na mwisho wake unaujua.

Balaamu aliiona Nyota kwa mbali, hakuifuata. Wewe imekufikia leo hapa uwanjani. Ivue hirizi hiyo! Tubu, mwite Yesu kwa kinywa chako mwenyewe, halafu njoo mbele tukuombee. Kesho si yako.

YESU ANAOKOA!