Sahaba Abu Mihjan, Ulevi Wake na Toba Yake

Imetufikia suali katika darasa letu la hapa Sigalagala, na tumeona haifai jawabu yake ibaki baina ya watu wachache. Ndugu yetu mmoja, aliyekuwa hakosi msikitini, alikoma kuonekana katika safu. Tulipomwendea kumjulia hali alitueleza bila ya kuficha kwamba aliteleza akanywa, na kwamba mmoja katika sisi alimwambia kuwa mwenye kunywa ulevi haikubaliwi swala yake kwa siku arubaini. Basi yeye akaona hakuna faida ya kuinuka na kuinama bure, bora angoje siku hizo zipite. Lakini kabla hazijesha hunywa tena, na hesabu ikaanza upya. Kwa hali hiyo ulimpita mwaka mzima hajaweka paji la uso chini.

Hadithi ile ni ya kweli. Wameipokea kina Imamu Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah. Walakini aliyemsomea aliikata katikati. Mbele yake mna kwamba mwenye kutubia, Mwenyezi Mungu humkubalia toba yake. Na maulamaa, akiwamo Imamu Nawawi, wameeleza kwamba maana ya kutokubaliwa ni kukosa thawabu. Ama faradhi yenyewe i pale pale shingoni mwake, na akiiacha amejiongezea dhambi iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza. Tunakiri kwamba kosa hili lilitoka kwetu. Tulimpa mtu nusu ya ilimu, na nusu hiyo ikamtoa msikitini. Kwa ajili hiyo tumependa kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Sahaba ambaye wengi wamelisikia jina lake kwa sababu ya ulevi wake tu.

Jina lake khasa wanavyuoni wamekhitalifiana; wengine wamesema ni Amr bin Habib, wengine Malik, wengine Abdallah. Kwa watu alijulikana kwa kuniya yake, Abu Mihjan, na kabila lake ni Thaqif, wenyeji wa mji wa Taif. Mji huo uko juu milimani, upande wa mashariki wa Makka, na hewa yake ni ya baridi. Umaarufu wake tangu zamani ni mizabibu. Mtoto wa Taif alikua akiona zabibu zikikamuliwa kama mtoto wa hapa kwetu Kakamega anavyokua akiona unga wa mahindi na wimbi ukichachuliwa kufanywa busaa, na wazee wakikizunguka chungu kwa mirija mirefu. Hatusemi haya ili kuhalalisha. Twayasema ili ieleweke kwamba mambo ambayo mtu ameyakuta nyumbani kwao, katika harusi na matanga, hayamtoki kwa kuambiwa mara moja.

Abu Mihjan alikuwa shujaa, mpanda farasi na mshairi. Mwaka wa 8 wa Hijra (630), Waislamu walipouzingira mji wa Taif, yeye alikuwa juu ya kuta pamoja na watu wake akiwatupia mishale. Wasimulizi wametaja kwamba mshale wake ndio uliompata Abdallah mwana wa Sayyidna Abubakar, na jeraha lile baadaye likamuua. Mji haukutekwa, Waislamu wakaondoka. Mwaka uliofuata Thaqif wenyewe walipeleka ujumbe Madina kutaka kusilimu.

Ujumbe huo ulikwenda na masharti. Walitaka wasamehewe swala, na waandishi wa sira wanasimulia pia kwamba waliomba waachiwe ulevi, riba na zinaa, wakitoa udhuru kwamba mambo hayo hawawezi kuyaacha. Bwana Mtume, rehema na amani zimfikie, hakuwapa hata moja, na juu ya swala aliwajibu kwamba hapana kheri katika dini isiyokuwa na swala. Wakakubali. Abu Mihjan alisilimu na hao.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita mbio. Watu wa Madina waliachishwa ulevi kidogo kidogo. Kwanza iliteremka aya ya Suratul Baqara iliyoeleza kwamba madhara yake ni makubwa kuliko nafuu yake. Kisha ikaja aya ya Suratun Nisaa iliyowakataza wasiikaribie swala nao wamelewa mpaka wayajue wayasemayo. Na kwa kuwa swala ni tano na nyakati zake zimekaribiana, mtu hakupata tena nafasi ya kunywa isipokuwa usiku baada ya Isha, au asubuhi baada ya Alfajiri. Mwisho ikateremka ile ya Suratul Maida, ukawa haramu moja kwa moja. Swala ndiyo iliyokuwa daraja ya kuwavusha. Ama Thaqif waliingia katika dini na katazo limekwisha timia. Hawakupitishwa katika madaraja hayo. Abu Mihjan alitakiwa aache kwa siku moja waliyoyaacha wenziwe kwa miaka.

Hakuweza. Katika zama za Sayyidna Umar, alipigwa kwa sababu ya ulevi mara baada ya mara. Wako waliosema mara saba, wako waliosema nane. Adhabu yenyewe katika zama za Bwana Mtume ilikuwa kiasi cha mapigo arubaini kwa makuti, viatu na nguo, na Sayyidna Abubakar akaendelea na arubaini. Sayyidna Umar, watu walipozidi kuchezea jambo lile, alishauriana na Masahaba akafanya themanini. Abu Mihjan akipigwa hunyamaza, na siku zikipita hurejea. Zaidi ya hayo alikuwa na mashairi yake, na katika hayo mna ambalo aliusia kwamba akifa azikwe chini ya mzabibu, ili mizizi yake iinyweshe mifupa yake. Wapo wanavyuoni waliochukizwa na wenzao kwa kuzieneza khabari za ulevi wake, kwani ni Sahaba na heshima yake ni wajibu. Sisi tumezitaja kwa kuwa toba yake haifahamiki bila ya hizo.

Mwisho Sayyidna Umar alimhamisha, akampeleka kisiwani pamoja na mlinzi. Akamtoroka mlinzi, na mtu angedhani kwamba atakimbilia nchi ya makafiri apate kunywa kwa raha yake. Hakufanya hivyo. Alikwenda Iraq kulikokuwa na jeshi la Waislamu chini ya Saad bin Abi Waqqas, linalokabiliana na Waajemi. Khabari zikamfika Sayyidna Umar, akamwandikia Saad amfunge. Akatiwa pingu za miguu, akawekwa katika ngome ambayo Saad mwenyewe alikuwa akikaa.

Vita vya Qadisiyya vilipiganwa yapata mwaka wa 636, na viliendelea siku kadhaa. Waajemi walikuwa chini ya Rustam, na walileta ndovu ambao farasi wa Waarabu hawakuwazoea. Saad alikuwa mgonjwa, ana majipu na maumivu ya mshipa wa paja, hawezi kupanda mnyama. Akawa analalia kifua juu ya ngome akiangalia na kutoa amri. Chini yake mfungwa anasikia vishindo vya vita na hawezi kutoka. Abu Mihjan akamwendea Saad, akiburura pingu zake, kumwomba amwachilie. Saad akamkaripia na kumrudisha. Akamwendea Salma, mke wa Saad, aliyekuwa kabla mke wa shujaa Muthanna bin Haritha. Alimwomba amfungue na amwazime farasi wa Saad aitwaye Balqaa, na akamwekea ahadi ya Mwenyezi Mungu kwamba akisalimika atarudi mwenyewe na kuitia miguu yake pinguni. Bibi yule kwanza alikataa. Kisha akamsikia akiimba kwa huzuni juu ya hali yake, moyo wake ukalainika, akamfungua. Katika riwaya nyingine aliyemfungua alikuwa mjakazi wa Saad.

Akatoka, akapita baina ya majeshi mawili, akawa anawashambulia Waajemi upande wa kulia na wa kushoto hata watu wakastaajabu, hawamjui ni nani. Wengine wakadhani ni malaika. Saad kutoka juu alisema moyoni kwamba mruko ule ni wa Balqaa na pigo lile ni la Abu Mihjan, lakini Abu Mihjan yumo kifungoni! Mapigano yalipotulia usiku, aliingia ngomeni kimya, akamrudisha farasi, akaitia miguu yake katika chuma kama alivyoahidi. Hapakuwa na mtu aliyemlazimisha, wala aliyemwona.

Inasimuliwa kwamba Salma alimwuliza amefungwa kwa kosa gani. Akajibu kuwa si kwa haramu aliyoila wala kuinywa, bali kwa lile shairi la mzabibu, kwani yeye ni mshairi na ulimi humponyoka. Riwaya hii ndiyo wanayoishika wanaomtetea. Salma akamweleza Saad yaliyotokea. Saad akaamuru afunguliwe, akaapa kwamba hatampiga tena kwa ulevi.

Jawabu aliyoitoa Abu Mihjan ndiyo sababu ya sisi kuandika haya. Alisema kwamba alikuwa akinywa wakati adhabu inasimamishwa juu yake, kwa kuwa adhabu ile humsafisha. Ama sasa akiwa hapigwi tena, basi Wallahi hatanywa kabisa.

Na azingatie msomaji. Miaka yote ile mapigo themanini yalikuwa kwake mfano wa bei: hunywa, hulipa, hesabu yake ikawa safi. Ni kweli kwamba mwenye kupata adhabu ya sharia hapa duniani huwa ni kafara yake. Lakini yeye aliitegemea kafara akaacha kujuta. Ilipoondolewa bei, alibaki yeye na Mola wake peke yao, hana cha kulipa. Hapo ndipo alipoacha. Na ndugu yetu wa hapa na siku zake arubaini alikuwa katika njia ile ile: alizifanya kuwa muda wa kifungo unaokwisha wenyewe, hali ya kuwa toba haingoji siku. Sharti zake ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorejea, na zote tatu zinamkinika leo kabla ya Magharibi.

Ibnul Qayyim alipoieleza khabari hii aliona kwamba Saad hakuivunja sharia. Vitani, mbele ya adui, adhabu ya namna ile huakhirishwa, na mtu huyu alikuwa amekwisha onyesha kwa vitendo ukweli wa toba yake. Wala Saad hakuwa wa kwanza kumhurumia mlevi. Katika Sahihi ya Bukhari imo khabari ya mtu aliyekuwa akiletwa mara nyingi mbele ya Bwana Mtume kwa ulevi. Mtu mmoja akamlaani, na Bwana Mtume akamkataza, akashuhudia kwamba mlevi yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Alipigwa, lakini hakufukuzwa. Sisi hapa tumewahi kufanya kinyume cha hayo: mkono wa kupiga hatuna, bali ulimi wa kufukuza tunao. Tangu sheria ya mwaka 2010 iliporuhusu chang'aa kutengenezwa kwa leseni, tumezidi kuwalaumu walevi, na wachache wetu ndio waliokwenda nyumbani kwa mmoja wao kumketia na kumsikiliza.

Baada ya Qadisiyya hazikutufikia khabari nyingi za Abu Mihjan. Inasemwa alikufa katika nchi za Waajemi, wengine wakitaja Azerbaijan, wengine Jurjan. Yuko aliyesimulia kwamba aliliona kaburi lake na mizabibu imeota juu yake ikazaa. Akakumbuka lile shairi la zamani, akastaajabu. Sisi hatuwezi kuithibitisha khabari hiyo wala kuikanusha.

Ndugu aliyetuuliza alikuwapo tulipoyasoma haya darasani. Hakusema neno. Muadhini alipoadhini Isha, aliinuka akaenda kutawadha.