Aoki Konyo, Mwalimu wa Viazi Vitamu

Wengi wetu twalima viazi vitamu, lakini ni wachache wamjuao Aoki Konyo wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1698 katika mji wa Edo, ndio Tokyo ya leo. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya samaki. Yeye akapenda vitabu.

Hata mwaka 1732 wadudu wakauharibu mpunga wa upande wa magharibi, watu wengi mno wakafa kwa njaa. Lakini huko Satsuma, walikokwisha kuzoea viazi vitamu, njaa haikuua kama kwingineko. Aoki akalitia jambo hilo moyoni, akaandika kitabu juu ya viazi, nacho kikamfikia mtawala, Tokugawa Yoshimune, aliyemwamuru avijaribu upande wa mashariki. Kazi haikuwa nyepesi. Kiazi hustahimili jua, wala upepo haukidhuru kilichofichwa ardhini, bali baridi kali huozesha mbegu. Mwaka 1735 akapanda Edo na vijiji vya karibu; huko Makuhari vikastawi, na kilimo chake kikaenea.

Baadaye aliamriwa kujifunza Kiholanzi, akawa mwanachuoni mwenye sifa. Akafariki mwaka 1769. Nasi twapendezwa kwamba jiwe la kaburi lake, huko Meguro, halitaji elimu hiyo, ila lamwita Mwalimu wa Viazi Vitamu.