MWALIMU NYERERE: MTU MMOJA, MAJINA MENGI

Mimi nasoma hapa Durban, mambo ya kompyuta, upande wa vihisio vinavyopima joto, unyevu na kadhalika. Humo kila kifaa kina namba ndefu ambayo hakuna binadamu anayeikumbuka, kwa hiyo tunakipa lakabu, tuseme stoo. Ukiuliza joto la stoo, programu inapita hatua mbili: kwanza inatafuta lakabu kwenye orodha ipate kifaa chenyewe, halafu inafuata njia ndani ya kifaa mpaka kwenye sifa unayoitaka. Kifaa kimoja kikiwa na lakabu kumi, hakuna shida. Shida ni jina kubaki na njia kukatika.

Sasa twende Warwick Junction, pale kwenye masoko, dawa za mitishamba na vipanya (huku wanaviita teksi). Mwaka 2008 manispaa ilibadilisha majina ya barabara nyingi, na Warwick Avenue ikawa barabara ya Julius Nyerere. Watu bado wanasema Warwick tu. Haya, hilo jina jipya linatupeleka kwa nani?

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito na mama Mugaya. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua. Julius alilipata kwenye ubatizo mwaka 1943, mwaka uleule alioingia Makerere. Na Mwalimu alilitolea jasho: alifundisha Tabora, akaenda Edinburgh 1949, akarudi na digrii 1952, akafundisha Pugu. Yaani alikuwa mwanafunzi wa ughaibuni kama sisi! TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 akawa rais wake, na 1955 akaacha kazi ya ualimu. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961.

Na Afrika Kusini je? Juni 1959 alikuwa London, akahutubia mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za makaburu. Mapema 1962 alimpokea Mandela Dar es Salaam, aliyekuwa ametoka kwao kwa siri. Agosti mwaka huo Mandela akakamatwa karibu na Howick, akitokea hapa Durban, akijiita David Motsamayi. Mnaona, lakabu nyingine! Kuanzia 1963 Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao Dar. Wapiganaji wa ANC walipewa kambi Kongwa, na baadaye eneo la Mazimbu, Morogoro, ambako walijenga shule yenye jina la Solomon Mahlangu. Nchi ilikuwa maskini, lakini ilitoa.

Hakuwa malaika, jamani. Sheria ya 1962 ilimruhusu kuweka watu kizuizini bila kesi, na miaka ya 1970 wakulima wengi walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vya ujamaa. Uchumi ukayumba vibaya. Mwaka 1985 aling'atuka urais kwa hiari, jambo ambalo marais wengi wa wakati ule hawakulitaka hata kulisikia. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Linaloniuma ni hili. Mei 2008, mwaka uleule wa jina jipya, Waafrika wageni walipigwa na kufukuzwa makwao hapa Afrika Kusini, Durban ikiwemo. Mwaka 2015 ikawa tena. Wapo wanaotuita makwerekwere huku wamesimama chini ya kibao cha Nyerere. Jina lipo, njia ya kufika kwenye aliyoyafanya imekatika.

Manispaa imemaliza hatua ya kwanza. Ya pili ni yetu. Mwenzako wa darasani akikuuliza Nyerere ni nani, usimjibu rais wa kwanza wa Tanzania halafu ukanyamaza. Mweleze Kongwa, mweleze Mazimbu. Na habari za vijiji mweleze pia, asije akadhani tunamuuzia mtakatifu.