Mzee wa Drafti Aliyefungwa na Mwanafunzi Wake

Muhula uliopita tulifanya mashindano ya gemu za ngumi hosteli, kila timu ikileta mpiganaji anayeendeshwa na kompyuta. Timu yangu ilitaka kunitoa mapema. Hoja yao ni kwamba mimi mwenyewe nikishika gemu napigwa na kila mtu, sasa nitamfundisha nini mpiganaji? Iliniuma, maana ilikuwa kweli. Wiki hiyohiyo mhadhiri akamtaja darasani Arthur Samuel, nikaenda kumsoma.

Mzee huyu alizaliwa mwaka 1901 huko Emporia, Kansas, Marekani. Alisoma uhandisi wa umeme MIT, akafanya kazi Bell Labs, kisha akawa profesa Chuo Kikuu cha Illinois. Pale walitaka kujenga kompyuta lakini hela hakuna. Samuel akawaza: mashine ikicheza drafti na kumfunga bingwa, wenye pesa watatusikiliza. Utadhani alikuwa mkali wa drafti. Wapi! Alikuwa mchezaji wa kawaida tu.

Mwaka 1949 alihamia IBM na drafti yake kichwani. Alichofanya huko ndicho kilichonikamata. Aliigawa programu kuwa wachezaji wawili, Alpha na Beta, akawapambanisha. Alpha alibadilisha hesabu zake mchezo ukiendelea: kushika katikati ya ubao kuna uzito gani, kuwa na nafasi nyingi za kusogea kuna uzito gani. Beta hakubadilika. Alpha akishinda, Beta anarithi hesabu mpya. Alpha akizidi kufungwa, hesabu yake kubwa kuliko zote inafutwa, atafute njia nyingine. Mwaka 1959 Samuel aliandika kwamba saa 8 hadi 10 za kucheza hivyo zinatosha mashine kumpita aliyeitengeneza.

Haikuwa mteremko. Mwaka 1962 programu ilimfunga Robert Nealey, mchezaji hodari asiyeona, sifa zikaenea. Waliporudiana, Nealey akashinda. Mwaka 1966 ikakutana na vigogo wa dunia, Walter Hellman na Derek Oldbury, ikapoteza michezo yote. Mwaka huo Samuel akastaafu IBM, akaenda Stanford, na hakuacha kuandika programu hata alipougua Parkinson uzeeni. Alifariki mwaka 1990.

Nilirudi kwa wenzangu nikawaomba usiku mmoja tu. Nikatengeneza wapiganaji wawili, mmoja anabadilika, mwingine anasubiri kurithi, nikawaacha wapigane hadi alfajiri. Mwanzoni walikuwa wanarukaruka ovyo kama kuku. Asubuhi nikashika gemu kumjaribu aliyebaki. Alinipiga mara sita mfululizo, chumba kizima kinacheka, na mimi nacheka kuliko wote.

Tulitolewa nusu fainali, sawa. Ila muhula huu timu imeshanipa kazi ya kufundisha, na hakuna anayeniuliza tena kama najua kupigana.